Jirani wa Wizara: Zabibu, Zeze na Ngonjera za Ugogo

Mtumishi wa umma anayekwenda kazini katika Mji wa Serikali, Mtumba, huwa amefika jirani kabisa na Ihumwa. Wengi wanakijua kituo cha basi, bei ya viwanja na vumbi la Agosti. Wachache wanajua kwamba katika kitongoji cha Muntundya, huko huko Ihumwa, mwaka 1917 alizaliwa Mathias Mnyampala, mshairi na mwanahistoria aliyelipa taifa hili ngonjera. Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wapya Dodoma inasifika kwa nini. Jibu la kwanza ni zabibu, la pili ni Bunge. Mnyampala hajapata kutajwa, na nikimtaja mimi, wapo wanaodhani nazungumzia mtu wa Tanga au Lamu, kana kwamba ushairi wa Kiswahili hauwezi kuota mbali na bahari.

Tuanze basi na zabibu, kwa kuwa ndizo zinazopamba mabango. Mzabibu ni mgeni wa juzi katika Ugogo. Historia inayokubalika na wengi ni kwamba ulipandwa na wamisionari Wakatoliki wa Kiitaliano pale Bihawana mwaka 1957, waliohitaji divai ya altare na ambao kwao nyumba bila mzabibu haikuwa nyumba. Nchi kame, yenye mvua za miezi michache na jua lisilo na aibu, ikaupenda mmea huo kuliko ulivyopendwa na mimea mingi iliyoletwa kwa mbwembwe. Miaka kumi tu kabla ya hapo, mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilileta Kongwa, umbali wa saa chache kutoka Bihawana, matrekta ya mradi mkubwa wa karanga. Kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umekwisha kufa na mamilioni ya pauni yamefukiwa ardhini. Karanga za dola zilikataa, zabibu za mapadri zikakubali. Leo mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Italia au Ufaransa hawezi kuliota, na jina la Makutupora limekuwa jina la aina ya zabibu nyekundu.

Sina ugomvi na zao hili. Limesomesha watoto wa Hombolo, Mpunguzi, Mvumi na Chinangali. Najua pia kwamba zabibu hazina subira ya mtama: zikiiva, mkulima asiye na mnunuzi wala mtambo wa kukamua mchuzi hana ghala la kuzihifadhia, na anayezihitaji zaidi ndiye hupanga bei. Lakini hilo linahitaji makala yake. Hapa nauliza jambo jingine: imekuwaje mmea wenye umri wa bibi yangu mdogo ukawa ndio utambulisho wa nchi ambayo nyimbo zake hazina mtu anayejua zilianza lini?

Sehemu ya jibu imo katika namna Ugogo ulivyoandikwa na wageni. Misafara ya karne ya 19, ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ililazimika kupita hapa, na watemi wa Kigogo walitoza hongo kwa maji na chakula. Wasafiri wa Kizungu walijaza vitabu vyao malalamiko juu ya tozo hiyo. Ajabu, serikali zao zilipotoza kodi ya kichwa, hawakuona cha kulalamikia. Kisha ikaja vita ya kwanza ya dunia. Wajerumani, na baada yao Waingereza, walichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mvua nazo zikakata. Njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, inakadiriwa kuua watu 30,000 katika wakazi wapatao 150,000. Tangu hapo Mgogo akabandikwa sura ya mwenye njaa, sura iliyoendelea hadi kwenye utani wa mitaani kuhusu ombaomba. Mtu aliyekwisha kuitwa maskini huonekana ana mahitaji tu. Hakuna anayemwuliza ana nini.

Anacho. Kuna muheme, ngoma ya wanawake, ambao huishika kati ya mapaja na kuipiga kwa nguvu zinazomtisha mgeni aliyezoea kuambiwa kwamba Afrika nzima ngoma ni kazi ya wanaume. Kuna nindo, uimbaji ambamo sauti kadhaa hupanda na kushuka zikikutana bila kuandikiwa nota na yeyote. Kuna zeze, na kuna ilimba, ile marimba ya vidole ambayo vyuma vyake vinapotetema humfanya msikilizaji adhani wapigaji ni wawili. Wataalamu wa muziki wametoka Ulaya kuja kuchunguza namna sauti hizo zinavyopangwa. Filamu ya Africa: The Beat ya mwaka 2011 ilitengenezwa katika kijiji cha Nzali. Na sanaa hizi hazikuwa burudani ya jioni. Zilikwenda na jando, mavuno, kuomba mvua na maombolezo. Mwaka ulisomwa kwa nyimbo.

Mnyampala alizaliwa mwaka Mtunya ilipoanza. Alipata elimu kidogo ya misheni, akawa karani na baadaye mtu wa mahakama, na usiku akaandika. Kitabu chake cha mwaka 1954, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, ni miongoni mwa vitabu vya mapema ambamo Mtanganyika anaandika historia ya watu wake mwenyewe, kwa Kiswahili, bila kumsubiri mtaalamu wa ng'ambo. Nakipenda kwa sababu hakina unyonge. Ndani yake Wagogo wana koo, watemi, mipaka, ugomvi na sheria. Ni watu wenye historia, na njaa ni sura moja tu ya historia hiyo. Wapo wanaomlaumu kwa kuandika Kiswahili badala ya Kigogo. Nadhani wanakosea. Alitaka mtu wa Songea na wa Pemba asome.

Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, na Nyerere alipokutana na washairi mwaka 1968 kuwaomba waieneze siasa mpya, Mnyampala alikuwa tayari na chombo: ushairi wa majibizano, unaosemwa jukwaani kwa sauti na ishara, mmoja akihoji na mwingine akijibu, hadi asiyejua akaelimika. Akiwa kiongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, alizitunga ngonjera kwa wingi. Alifariki mwaka 1969, na Ngonjera za UKUTA ikachapishwa kuanzia mwaka 1970. Shule zote zikaimba. Nakiri kwamba nyingi kati ya ngonjera zile hazinisisimui. Mjinga katika shairi hushindwa upesi mno, na anayejua huwa daima ni chama. Umbo lililojengwa juu ya kuuliza likazoeshwa kutouliza. Leo tukisema "hizo ni ngonjera tu" tuna maana ya maneno matupu, na lawama hiyo haimstahili mtunzi peke yake.

Mwaka huo huo wa 1967 Mgogo mwingine aliitwa. Hukwe Zawose, fundi wa zeze na ilimba, alialikwa na Nyerere kwenda Dar es Salaam, akaingia katika kikundi cha taifa, na baadaye akaweka makazi Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilifunguliwa mwaka 1981. Kutoka huko alizunguka dunia. Albamu yake ya Chibite ya mwaka 1996 ilitolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Alifariki Desemba 2003 na alikuwa ameacha Bagamoyo ukoo mzima wa wanamuziki. Yaani ukitaka kusikia ufundi wa Ugogo kwa urahisi ulikwenda pwani.

Tuweke tarehe hizi pamoja. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwahamisha Wagogo kutoka makazi yao yaliyotawanyika kuwapeleka katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yaje Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikapewa ardhi ya kupanga. Msanii alipelekwa pwani, mkulima akahamishwa, na serikali ikatangaza kuja. Hakukuwa na hila katika hilo. Nyerere aliupenda utamaduni huu kwa dhati, na alishika jembe Chamwino kwa mikono yake. Lakini utamaduni wa taifa ulijengwa kwa kuchukua vipande kutoka mahali vilipoota na kuvipanga jukwaani, na mahali penyewe pakabaki kiwanja.

Athari zake zingali nasi. Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye mkutano katika hoteli moja ya hapa mjini. Kikundi cha akina mama wa muheme kilisimamishwa getini tangu saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi alifika saa tano na nusu. Walipiga kwa dakika nne, mshereheshaji akawakata katikati ya wimbo, na sisi tukaingia ndani kwenye viyoyozi kujadili, pamoja na mambo mengine, utalii wa utamaduni. Mchana tuligawiwa divai ya Dodoma kwenye chupa nzuri yenye maelezo ya asili yake. Waimbaji hawakutajwa hata jina la kijiji. Nami sikuinuka kuuliza, jambo linaloniuma mpaka leo.

Tangu serikali ihamie kwa kasi kuanzia mwaka 2016, na Dodoma kuwa jiji Aprili 2018, kila kitongoji kinapimwa. Mashamba ya mizabibu yaliyokuwa pembeni ya mji yanageuka viwanja, na pamoja nayo viwanja vya ngoma, ambavyo havina hati kwa sababu hakuna aliyefikiri vinahitaji. Mzabibu una kituo chake cha utafiti, bodi za kuujadili na mawaziri wa kuusemea bungeni. Nindo haina hata mstari katika ramani ya mipango miji.

Hata hivyo, kuna ambao hawakusubiri. Chamwino, ambako Ikulu mpya ilizinduliwa Mei 2023, ndiko pia kwenye kituo cha sanaa ambacho tangu mwaka 2009 kimekuwa kikiandaa tamasha la muziki wa Kigogo. Vikundi hutoka vijijini, huimba kwa urefu unaotakiwa na wimbo wenyewe, na watazamaji wengi ni Wagogo wanaojua pale mwimbaji alipokosea. Hapo hakuna geti wala mgeni rasmi wa kusubiriwa kwa saa tatu. Mwaka 2024 wanawake wa ukoo wa Zawose, Pendo na Leah, walitoa albamu yao, Maisha, wakiongoza uimbaji na upigaji wenyewe.

Nakala yangu ya kitabu cha mwaka 1954 ni ya kudurufu, kurasa za mwisho zimefifia. Muhula uliopita niliwaazima wanafunzi wawili, wote watoto wa watumishi waliohamia kutoka Dar es Salaam. Walikisoma, wakapanda daladala hadi Ihumwa, wakaomba waonyeshwe Muntundya. Mzee mmoja aliwapeleka. Aliwauliza kwanza kama wametumwa kupima viwanja.