Kituo Kilichoachwa

Usiku mmoja wa masika, hapa Mkongo, tuliketi watu kama ishirini mbele ya runinga tukaitazama filamu ya Kimarekani iitwayo The Right Stuff. Kazi yangu ilikuwa ile niliyoizoea, ya kuwafasiria wenzangu maneno yapitayo. Filamu hiyo, iliyoongozwa na Philip Kaufman mwaka 1983 kutokana na kitabu cha Tom Wolfe cha mwaka 1979, inasimulia habari za wanaanga saba wa mwanzo wa Marekani. Ilipofika safari ya John Glenn, tulipelekwa Australia, kwenye kituo cha Muchea. Tuliona nyika wakati wa usiku, wazee wenyeji wa nchi ile wamekoka moto, na cheche zikipanda juu hata zikashabihiana na vimulimuli alivyoviona Glenn dirishani mwake.

Hapo mzee mmoja, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akaniuliza: "Mwanangu, na huku kwetu hakupita?"

Nikamjibu kuwa alipita. Akasema: "Basi mbona hatukuonyeshwa?" Kisha akatueleza kwamba ujanani mwake alitoka deltani na jahazi la boriti hadi Unguja, akabaki huko misimu miwili akifanya uhamali bandarini. Mabaharia walikuwa wakisimulia kuwa shamba kuna Wamarekani wanaozungumza na mtu aliye juu ya mawingu. "Niliyajua kuwa ni maneno ya mabaharia," akasema. "Miaka sitini nimeyaweka katika uwongo."

Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa yeyote mwingine aliyewahi kuyasikia maneno yale akayadharau.

Tuanze na lililokuwapo. Tarehe 14 Oktoba 1960 serikali za Uingereza na Marekani zilikubaliana mjini London kujenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury. Kilijengwa Tunguu, mashariki ya mji. Siku hizo hapakuwa na setilaiti za kupokezana sauti. Mawimbi ya redio ya chombo kile yalikwenda moja kwa moja, na chombo kikishazama chini ya upeo wa macho, sauti yake hupotea. Kwa hiyo Wamarekani waliizungushia dunia vituo 18, viwili kati yake vikiwa melini, vikae kama shanga za tasbihi, kila kimoja kikimpokea msafiri kwa dakika chache na kumkabidhi kwa kinachofuata. Akitoka Kano, Nigeria, msafiri alipokewa na Zanzibar. Zanzibar ilimkabidhi kwa meli iliyokuwa katika Bahari ya Hindi, na meli ikamkabidhi Muchea. Kwa aliyetoka magharibi, Tunguu ndiyo iliyokuwa sikio la mwisho la Afrika kabla ya bahari kuu.

Jumanne tarehe 20 Februari 1962 Glenn alirushwa kutoka Cape Canaveral ndani ya chombo kiitwacho Friendship 7, akaizunguka dunia mara tatu kwa muda wa saa nne na dakika 55. Katika mzunguko wa kwanza alipokuwa akisikika Zanzibar, huku kwetu ilikuwa jioni, saa kumi na mbili imepita kidogo. Kituo kilipokea vipimo vya mwili wake: mapigo ya moyo, pumzi, na shinikizo la damu. Alivuta kamba ya mpira kwa mazoezi, ili daktari aliyekuwa chini ajue moyo wa binadamu unafanyaje kazi pale ambapo mwili hauna uzito. Kisha akaendelea juu ya bahari, na huko akaliona jua likichwa, machweo yake ya kwanza katika safari ile.

Ukiifungua kalenda utaona kuwa siku ile iliangukia katikati ya Ramadhani ya mwaka 1381 wa Hijria. Mwezi ulikuwa mpevu. Kwa hiyo, wakati daktari wa Tunguu akisikiliza moyo wa Glenn, pwani nzima, kuanzia Lamu, Unguja na Mafia hadi mikoko ya Rufiji, ilikuwa imeandaa futari ikingojea adhana ya Magharibi. Habari hii nimeipata kwa kuilinganisha saa ya safari na kalenda, kazi ambayo mtu yeyote aweza kuifanya. Lakini katika filamu nilizozitazama sijaiona.

Mtu atasema kwamba filamu haiwezi kuonyesha vituo vyote 18. Ni kweli. Mwandishi wa tamthilia huchagua, kama mshairi anavyochagua vina. Hata hivyo, uchaguzi nao una maana yake. Masimulizi mengi ya safari za anga hujengwa juu ya mtu mmoja shujaa aliyefungiwa ndani ya chombo kidogo, na mke wake aliye nyumbani akisubiri. Ndivyo ilivyo katika The Right Stuff, katika Apollo 13 ya Ron Howard ya mwaka 1995, na katika First Man ya Damien Chazelle ya mwaka 2018. Watu wa mbali wakiingizwa, aghalabu hupewa jukumu la miujiza. Wazee wale wa Australia wamepewa moto na cheche, hawakupewa vyombo vya kusikilizia. Picha yenyewe ni nzuri, sikatai. Hata mimi ilinigusa. Ila historia ya Australia usiku ule ina jambo zuri zaidi na la kweli: watu wa mji wa Perth waliwasha taa zao ili Glenn azione akipita, naye akawashukuru kwa redio.

Waaustralia wenyewe hawakukaa kusubiri kusimuliwa. Mwaka 2000 walitoa filamu yao, The Dish, iliyoongozwa na Rob Sitch, kuhusu darubini ya redio ya Parkes iliyosaidia kuupokea mwendo wa Apollo 11 mwezini Julai 1969. Ni filamu ya kuchekesha kwa upole, na mashujaa wake ni mafundi wachache wanaokesha katikati ya malisho ya kondoo. Ina mambo ya kubuni: mkasa wa umeme kukatika na chombo kupotezwa ni wa mtunzi, si wa historia. Pamoja na hayo, ilimpa mtazamaji ukweli ambao filamu za shujaa humnyima, kwamba yule aliye juu alishikiliwa na walio chini. Hidden Figures ya Theodore Melfi, mwaka 2016, ilifanya jambo kama hilo kwa Katherine Johnson, mwanamke Mmarekani mweusi aliyehakiki kwa mkono hesabu za safari ya Glenn kabla hajaondoka. Afrika nayo ina Afronauts, filamu fupi ya Nuotama Bodomo ya mwaka 2014, inayomrejea Edward Makuka Nkoloso wa Zambia, aliyetangaza katika miaka ya 1960 kuwa atapeleka watu mwezini. Wanahabari wa nje walimcheka, lakini Bodomo hakumcheka.

Je, Tunguu ina nini cha kuigizwa? Naam, ina mengi kuliko Parkes, kwa sababu Parkes watu walikuwa na furaha, na Unguja watu walikuwa na hofu.

Kituo kilipotangazwa, wengi walikipinga. Chama cha ZNP, ambacho Abdulrahman Babu alikuwa katibu mkuu wake, kilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti. Walisema kisiwa kitageuzwa shabaha katika vita vya wakubwa. Vitabu vingine huwataja wapinzani hao kana kwamba walikuwa watu wasioelewa sayansi. Nadhani tunawadhulumu. Mei mwaka ule ule wa 1960 Wasovieti waliiangusha ndege ya kijasusi ya U-2, na Marekani ikadai kwanza kuwa ilikuwa ndege ya kuchunguza hali ya hewa ya NASA, shirika lile lile la anga lililokuja Tunguu miezi michache baadaye. Isitoshe, roketi ya Atlas iliyomrusha Glenn ilibuniwa kubeba bomu la nyuklia, kama ilivyokuwa roketi ya Kisovieti iliyomrusha Yuri Gagarin tarehe 12 Aprili 1961. Kituo chenyewe kilikuwa cha kiraia na kilifanya kazi ya kiraia. Lakini aliyekitilia shaka alikuwa na sababu. Tamthilia ya kweli huzaliwa pale ambapo pande mbili zote zina hoja.

Mwisho wake nao ni wa kuigizwa. Kituo kiliwahudumia wanaanga wa Mercury walioizunguka dunia hadi Gordon Cooper, Mei 1963. Zanzibar ikapata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964. Siku iliyofuata Wamarekani, wakiwemo watu wa kituo na jamaa zao, walihamishwa kwa manowari Manley. Mwezi Aprili serikali ya Sheikh Abeid Amani Karume ikataka kituo kiondolewe, nacho kikaondolewa. Kazi yake ilihamia Madagascar, karibu na Antananarivo, na huko nako kituo kilifungwa mwaka 1975 kwa sababu za siasa vilevile. Leo Tunguu ina kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Katika ushairi wetu, mshororo wa mwisho wa ubeti huitwa kituo. Ubeti ulioachwa kituo husomeka, lakini msikilizaji hubaki akingojea. Ndivyo nizionavyo filamu hizi bila Tunguu. Wala silaumu Hollywood peke yake. Tangu mwaka 1998 Zanzibar ina tamasha lake la filamu za nchi za majahazi, na vijana wenye kamera ni wengi. Kituo cha namna ile hakikuendeshwa na wahandisi tu. Kilihitaji madereva, walinzi, wapishi na wauza samaki. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati ule sasa amevuka themanini. Hao ndio wa kuulizwa kwanza, kabla ya nyaraka, kwa kuwa nyaraka zinaweza kungoja.

Nilipomaliza kuyapanga haya nilimwendea yule mzee nikamsomea. Nilipofika penye Ramadhani alinisimamisha, akataka nirudie saa na tarehe. Akasema mwaka hana hakika nao, ila Ramadhani moja alifungia Unguja, na jioni hamali wote wakikaa gatini wakingojea adhana, macho yao yakiwa mbinguni. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniomba niwashe tena filamu, nimwekee pale penye Muchea. Tukaitazama hadi cheche zikapanda. Akasema: "Basi kabla ya hapo, ni sisi."