Kiasi cha Baruti

Katika Kiswahili cha zamani neno "kiasi" lilikuwa na maana mbili zilizokaa pamoja bila kugombana: kipimo cha kitu chochote, na risasi moja ya bunduki pamoja na baruti yake. Maana ya pili haikuzuka bure. Mwindaji wa gobori alimimina baruti katika kasiba kwa kipimo alichokijua mwenyewe, akaishindilia kwa mdeki, akatia risasi, akabandika fataki. Kiasi kikipungua, risasi ilianguka bila ya kumdhuru mnyama. Kikizidi, kasiba iliweza kumpasukia usoni. Zilipokuja bunduki za kutiwa risasi kwa nyuma, nazo risasi zenyewe zimekwisha fungwa viwandani, ilidhaniwa kuwa elimu hii imepitwa na wakati. Lakini katika Marekani haikuzikwa. Ilikaa mikononi mwa wawindaji, na mikono hiyo ndiyo iliyozikuza bunduki za masafa marefu ziitwazo magnum.

Asili yake huko si ya kujivunia sana. Katika miaka ya 1870 wachuna ngozi walienea katika nyika za kati za Marekani wakiwaua nyati wa nchi ile, baisani, kwa maelfu. Maduka yalikuwa mbali na risasi za kiwandani zilikuwa ghali. Lakini ganda la shaba, ambalo ndilo lenye thamani kubwa katika risasi nzima, haliteketei kwa mlio mmoja. Kwa hiyo jioni, kando ya moto, watu hao waliyeyusha madini ya risasi na kuyamimina katika kalibu, wakang'oa fataki zilizokwisha lia, wakatia mpya, wakajaza baruti, na asubuhi wakaanza tena. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha katika jimbo la Connecticut kampuni ya Ideal, iliyouza vyombo vya kazi hiyo. Wakati huo mawindo yenyewe yalikuwa karibu yamekwisha: mwaka 1889 William Hornaday alipohesabu baisani waliosalia, aliona hawazidi 1,091.

Mwaka ule ule wa 1884 Paul Vieille wa Ufaransa alivumbua baruti isiyotoa moshi mwingi, na hapo maana ya kiasi ikabadilika kabisa. Baruti nyeusi ilikuwa na staha yake. Mtu alilijaza ganda mpaka juu, na likijaa kiasi kimetimia. Baruti mpya haikumwonya mtu kwa namna hiyo. Ganda lililojaa nusu tu liliweza kuwa na nguvu ya kuvunja bunduki, na waliozoea kupima kwa macho walifundishwa kwa hasara. Tangu hapo mizani ikawa chombo cha lazima, na kipimo chake kikawa greni, ambazo 7,000 hufanya ratili moja.

Risasi za magnum zenye ukanda wa shaba kwenye kitako zilitoka Uingereza. Holland & Holland wa London walitoa ile ya .375 mwaka 1912, na ya .300 mwaka 1925. Neno magnum ni la Kilatini, maana yake kubwa, nalo lilitangulia kutumiwa kwa chupa kubwa za mvinyo. Mabega ya maganda hayo yaliteremka taratibu mfano wa mteremko wa kilima, ili ganda litoke kwa urahisi hata katika joto la Afrika na Bara Hindi. Waingereza waliyajaza kordaiti, baruti iliyofanywa kwa nyuzi ndefu kama tambi, na aghalabu nyuzi hizo zilitiwa kabla shingo ya ganda haijabanwa. Yaani risasi ilifungwa kiwandani, na mwenye bunduki hakuwa na njia nyepesi ya kuifunga tena kwa namna ile ile. Marekani walitumia baruti ya punje, ambayo humiminika katika shingo nyembamba, na kwa sababu hiyo ndogo ganda la London likapata maisha ya pili ng'ambo ya bahari. Mwaka 1935 Ben Comfort alishinda Kombe la Wimbledon huko Camp Perry, Ohio, kwa bunduki ya .300, shabaha ikiwa umbali wa yadi 1,000. Baada ya hapo kila mwindaji wa milimani aliitamani.

Lakini ganda kubwa lataka baruti iwakayo polepole, isukume muda wote risasi inapopita katika kasiba, wala isilipuke yote mara moja. Baruti kama hiyo ilikuwa adimu madukani, mpaka Vita Kuu ya Pili ilipoisha. Bruce Hodgdon, mtu wa Kansas, alijua kwamba serikali ilibakiwa na shehena za baruti isiyokuwa na kazi tena. Alikopa fedha kwa dhamana ya bima ya maisha yake, akanunua, akaihifadhi katika behewa kuukuu la reli, akaiuza kwa watu binafsi. Miongoni mwa baruti alizokuja kuuza ni ile yenye namba 4831, iliyokusudiwa mizinga midogo ya milimita 20. Ilikuwa ya polepole hasa.

Wakati huo huo, katika California, Roy Weatherby alikuwa akiyapanua maganda ya .300 ili yapokee baruti zaidi. Mwenye bunduki yake aliweza kutia risasi ya kawaida ya Holland & Holland katika chemba iliyopanuliwa, akapiga, na ganda likafura likachukua umbo jipya; ndipo akalijaza upya. Hapo palihitaji moyo mtulivu. Kiasi huongezwa kidogo kidogo, na ishara husomwa kila hatua: fataki iliyobanwa ikawa bapa, komeo lililo gumu kuinuka, ganda lililopasuka karibu na ukanda. La ajabu zaidi, ziliandikwa pia habari za bunduki zilizoharibika kwa baruti ya polepole iliyotiwa pungufu mno. Mwoga aliyepunguza kupita kiasi aliweza kuumia sawa na mjasiri aliyezidisha.

Mwendo mkubwa nao ulileta shida mpya ambayo haikuwa ya baruti hata kidogo. Mwaka 1946 John Nosler, mtu wa Oregon, aliwinda katika British Columbia, Kanada, kwa bunduki ya .300. Alimlenga kulungu mkubwa wa kaskazini, yule mwenye pembe pana kama makafi, ambaye mwili wake ulikuwa umegandwa na tope. Risasi zilimpata, lakini hakuanguka. Zilikwenda kwa kasi mno hata zikapasuka juu ya ngozi na tope, zisifike moyoni wala mapafuni. Mnyama yule aliteseka kwa sababu ya kile kile ambacho mwindaji alikinunua ili kimwue upesi. Nosler alirudi akatengeneza risasi yenye vyumba viwili, na kati yao ukuta wa shaba. Cha mbele huchanua, cha nyuma hubaki kizima na kuendelea ndani. Mwaka 1947 aliijaribu mawindoni ikafaa, na mwaka 1948 akaanza kuiuza kwa wale wanaoshindilia risasi zao wenyewe.

Katika miaka ya 1960 vyombo vya kupimia mwendo wa risasi vilianza kupatikana kwa watu binafsi, na wengi waligundua kuwa mwendo walioutangazia wenzao ulikuwa wa kukisia. Baadaye darubini na vipima umbali viliwaongezea masafa. Wawindaji wenyewe wakagawanyika: wako wasemao kuwa aliyepima kila greni amepata haki ya kupiga mbali, na wako wasioridhika. Klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa na Theodore Roosevelt mwaka 1887, imeonya kwamba umbali unaweza kumnyima mnyama nafasi yake ya halali ya kuhisi hatari na kuikimbia. Hoja hiyo haitatuliwi kwa mizani. Risasi ya magnum iliyoshindiliwa vizuri kuliko zote hutumia zaidi ya sekunde moja kufikia yadi 1,000, na katika sekunde hiyo kulungu aliyesimama akila majani huweza kupiga hatua moja.