Kadi ya grafiki ya kuhariria video: hakikisha programu ya mteja inaitumia kabla ya kulipa

Mfanyabiashara anayeagizwa kadi ya grafiki kwa ajili ya studio ya video hubeba hatari mbili. Ya kwanza ni ile ya kila mzigo: kuharibika njiani au kukadiriwa kodi kubwa mpakani. Ya pili huonekana mteja akishaifunga. Kadi ni nzima, kompyuta inawaka, picha ipo, lakini programu ya kuhariri haiigusi na video ya harusi inaendelea kurendwa usiku kucha. Hapo mteja hudai fedha zake, na muuzaji wa Luthuli Avenue jijini Nairobi au wa Bur Dubai ni nadra kurudishiwa kitu kilichokwisha kuvuka mpaka akakikubali.

Ikumbukwe kwamba kadi hufanya kazi mbili zilizo tofauti. Moja ni kukokotoa rangi, madoido na ukubwa wa picha. Kwa kazi hii programu hupitia CUDA kwenye kadi za Nvidia, OpenCL kwenye kadi za AMD, au Metal kwenye mashine za Apple. Nyingine ni kubana video wakati wa kuitoa na kuifungua wakati wa kuihariri. Hiyo hufanywa na sehemu maalumu ndani ya kadi, mfano NVENC ya Nvidia iliyoanza mwaka 2012, au ndani ya prosesa yenyewe, kama Quick Sync ya Intel ya tangu 2011.

Kadi inaweza kuwa na kazi moja ikakosa nyingine, na hapa ndipo wengi huumia. GeForce GT 1030 ya mwaka 2017 ina CUDA lakini haina NVENC. Radeon RX 6400 na RX 6500 XT za mwaka 2022 ni mpya kuliko hiyo, lakini hazina sehemu ya kubana video. Prosesa za Intel ambazo jina lake linaishia na herufi F hazina grafiki ndani, kwa hiyo hazina Quick Sync. Bei na upya wa kadi havielezi lolote kati ya haya.

Swali la kwanza kwa mteja basi ni programu gani anatumia, na ni toleo la mwaka gani. Adobe Premiere Pro CS5 ya 2010 ilikubali kadi chache tu za Nvidia zilizoandikwa kwenye orodha yake, na bado wapo mafundi wanaoulizia orodha hiyo ingawa matoleo ya sasa hayaitumii. Kwenye Premiere, fungua mipangilio ya mradi na utazame mstari wa Renderer: ukionyesha "Software Only" peke yake bila chaguo lingine, kadi haijatambuliwa. Kubana video kwa kadi za Nvidia na AMD kwenye Windows kulikuja mwaka 2020. Mteja mwenye toleo la zamani zaidi hatapata faida hiyo hata akinunuliwa kadi ya bei mbaya. DaVinci Resolve huitegemea kadi zaidi, na kadi yenye kumbukumbu ndogo hukatisha kazi kwa ujumbe kwamba kumbukumbu imejaa. Toleo lake la bure kwenye Linux halifungui kabisa video za H.264, ambazo ndizo kamera nyingi hutoa.

Draiva nayo iulizwe. Kadi nyingi za GTX 600 na 700 ziliachwa na draiva mpya za Nvidia mwaka 2021, na zile za GTX 10 zilifuata mwaka 2025, zikabakiziwa marekebisho ya usalama tu. Programu mpya hudai draiva mpya.

Dukani, usitosheke na kuona picha kwenye kioo. Omba kadi ifungwe kwenye mashine yenye Windows 10 au 11, fungua Task Manager upande wa GPU, kisha toa video ya dakika mbili. Mchoro wa Video Encode ukipanda, sehemu ya kubana inafanya kazi. Ukibaki chini huku prosesa ikifika asilimia 100, uliza sababu kabla ya kutoa pesa. Endesha pia GPU-Z, programu ya bure ambayo tangu 2018 huandika neno FAKE pale inapogundua kadi ya zamani iliyobadilishwa jina. Ujanja wa kuuza GTS 450 au GTX 550 Ti kama GTX 1050 Ti unafahamika sana.

Mashine za ofisi zilizotumika zina tatizo lake. Kasha dogo hutaka kadi fupi, na pawasaplai nyingi za humo hazina waya wa ziada wa kadi; kadi isiyo na waya huo hupata wati 75 tu kutoka kwenye bodi.

Kuhusu mpaka, cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, cha mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kadi iliyotengenezwa China haiingii humo hata kama imenunuliwa Nairobi. Namba ya kadi iandikwe kwenye ankara, maana bila hiyo madai ya dhamana hayana mguu.

Wasafirishaji wanaobeba kompyuta nzima kwa lori au basi wamtake mwenye mzigo aichomoe kadi na kuifunga peke yake kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli. Kadi nzito ikiachwa imening'inia ndani ya kasha, barabara ya vumbi huivunja pamoja na tundu lake kwenye bodi.