Vibao Visivyopita Mlangoni: Khati za Aya Sofya



Ndugu msomaji, hebu fikiria umepewa kazi ya kupaka rangi na kutia nakshi chumba ambacho dari yake iko mita 55 na ushei kutoka sakafuni. Hilo ni kama jengo la ghorofa 18, ila ndani hakuna hata ghorofa moja ya kusimama katikati. Kwetu pwani nyumba za kale ziliezekwa kwa boriti za mikoko, na kwa vile boriti ina urefu wake, chumba kilikuwa chembamba tu. Fundi chokaa alipanda ngazi akamaliza kazi. Sasa twende Istanbul, Uturuki.

Aya Sofya ilijengwa kati ya mwaka 532 na 537 ikiwa kanisa, kwa amri ya mfalme Justinian. Kuba lake la kwanza liliporomoka mwaka 558, likajengwa upya na kumalizika 562. Sultan Mehmed wa Pili alipouteka mji mwaka 1453 aliifanya msikiti. Hayo wengi wetu twayajua. Yasiyosimuliwa sana ni yale ya Sultan Abdulmecid, karibu miaka mia nne baadaye.

Jengo lilikuwa limechoka. Sultan akawapa kazi ndugu wawili kutoka Uswisi, Gaspare na Giuseppe Fossati. Naam, hawakuwa Waislamu. Gaspare alikuwa tayari yuko Istanbul, ameletwa kujenga ubalozi wa Urusi, na Sultan alitaka fundi anayeijua kazi. Kuanzia 1847 hadi 1849 watu zaidi ya 800 walifanya kazi humo. Kuba lilifungwa pete ya chuma lisipanuke, nguzo za roshani zilizoinama zikanyooshwa, kuta zikasafishwa.

Hapo ndipo mambo yakaanza. Chini ya plasta ya zamani zilitokea picha za mozaiki za enzi ya kanisa, zimepambwa kwa dhahabu. Msikitini picha za viumbe hazikai, hilo halina mjadala. Lakini wangezifanya nini? Kuzibomoa ilikuwa rahisi. Sultan aliruhusu zisafishwe, zichorwe kwenye karatasi ziwe kumbukumbu, kisha zifunikwe tena kwa plasta na kupakwa nakshi juu yake. Kwenye pembe nne chini ya kuba mna malaika wenye mbawa sita. Nyuso zao zilifunikwa kwa vifuniko vya chuma mfano wa nyota. Uso mmoja ulifunuliwa tena mwaka 2009, yaani baada ya miaka 160. Mimi naona huu ulikuwa uamuzi wa mtu mwenye imani iliyotulia: swala isibughudhiwe, na kazi ya mkono wa mtu isiharibiwe.

Zikaja khati. Kazasker Mustafa Izzet Efendi, kadhi mkuu, mwanamuziki na bingwa wa khati, aliandika vibao vinane vya duara: jina la Allah, la Mtume Muhammad (S.A.W.), la makhalifa wanne, na la Hasan na Husein (R.A.). Kila kibao kina upana wa mita 7.5, maandishi ya dhahabu juu ya rangi ya kijani. Unene wa mstari wa herufi ni sentimita 35. Yaani hata rula ya shule haifiki! Ukubwa huo haukuwa wa kujionyesha. Herufi iliyo juu namna ile, ukiwa chini huiona ndogo, na ikiwa nyembamba hupotea kabisa. Waandishi wa khati kubwa huandika kwanza kwa udogo, wakachora miraba juu ya karatasi, kisha wakakuza mraba mmoja mmoja, ili uwiano wa herufi usiharibike. Juu kabisa, katikati ya kuba, aliandika aya ya 35 ya Surat Nur, aya ya nuru.

Msikiti ulifunguliwa tena Ijumaa, tarehe 13 Julai 1849, kama wiki moja kabla ya Ramadhan ya mwaka 1265 Hijria.

Mwaka 1934 serikali ya Uturuki iliamua Aya Sofya iwe makumbusho. Vibao vikateremshwa, ikatakiwa vipelekwe msikiti wa Sultan Ahmed, hapo karibu tu. Wapi! Havikupita mlangoni. Ni wazi viliungwa humo humo ndani, na hakuna mlango unaoweza kutoa duara la mita saba na nusu. Hakuna aliyevikata pia. Vikaegemezwa ukutani miaka na miaka, watalii wakipita kando yake, mpaka 1949 vilipotundikwa tena mahali pake, ilhali jengo bado lilikuwa makumbusho. Ijumaa ya tarehe 24 Julai 2020, swala ilipoadhiniwa na kuswaliwa humo tena rasmi, waumini walipanga safu chini ya vibao vile vile.