Kuondoa Maktaba za Zamani za Nyuzi katika Java

Kuanzia 1998, waandishi wengi wa programu za Java waliotaka kuendesha nyuzi nyingi kwa pamoja bila kugongana waliitegemea util.concurrent, maktaba ya Doug Lea, profesa wa chuo kikuu cha umma huko Oswego, jimbo la New York, Marekani. Ndani yake mlikuwa na foleni, makufuli na makundi ya nyuzi za kazi, vitu ambavyo maktaba ya kawaida ya Java haikuwa navyo. Septemba 2004 ilitoka Java 5 ikiwa na java.util.concurrent, matunda ya jopo la JSR 166 lililoongozwa na Lea huyohuyo. Maktaba yake ya awali ikabaki kutunzwa tu.

Waliokwama kwenye Java 1.4 hawakuachwa mikono mitupu. Dawid Kurzyniec wa Chuo Kikuu cha Emory aliwatengenezea backport-util-concurrent, yenye klasi za majina yaleyale chini ya edu.emory.mathcs.backport. Ilikuwa kazi ya heshima, ila Java 1.4 haikutoa njia ya kuifikia amri ya kichakataji inayolinganisha thamani na kuibadilisha kwa hatua moja. Maktaba ya Emory ikalazimika kuegemea synchronized, kufuli lililojengwa ndani ya Java.

Kuiacha maktaba ya Emory kwa kawaida ni suala la kubadili mistari ya import. Hata hivyo, TimeUnit yake ni klasi ya kawaida, ilhali ya Java 5 ni enum. Ikiwa imo katika mbinu za hadharani, wateja wote wa programu hiyo lazima wakusanye upya msimbo wao.

Kuiacha util.concurrent ni kazi inayohitaji utulivu wa akili, kwa sababu hapo tabia hubadilika pamoja na majina. Mfano mzuri ni Mutex. Kufuli hilo halimjui mwenyewe: uzi mmoja unaweza kulifunga, mwingine ukalifungua. Anayeweka ReentrantLock mahali pake hupata kufuli linalomkumbuka mmiliki, na uzi mwingine ukithubutu kulifungua hutupiwa IllegalMonitorStateException. Kinachokaribiana zaidi na Mutex ni Semaphore yenye kibali kimoja.

PooledExecutor, kundi la nyuzi za kazi la util.concurrent, nayo ina mtego wake. Iliyopewa BoundedBuffer ilikuwa na foleni yenye kikomo. Kuibadilisha kwa Executors.newFixedThreadPool, njia fupi inayovutia wengi, huleta foleni isiyo na kikomo. Kazi zikiingia kwa kasi kuliko zinavyomalizika, hurundikana hadi kumbukumbu ya programu iishe. Salama ni kuunda ThreadPoolExecutor moja kwa moja na kuipa ArrayBlockingQueue ya ukubwa uleule.

Java 8 ya 2014 iliiandika upya ConcurrentHashMap na kuongeza CompletableFuture. Java 21 ya 2023 ikaleta nyuzi pepe. Programu inayoendeshwa kwenye matoleo hayo haina sababu ya kiufundi ya kuendelea kubeba maktaba hizi mbili.