Barua Iliyokataliwa Mlangoni

MTANGAZAJI:  

Leo tunazungumzia karatasi. Wewe unajua uzito wake. Ukipoteza kadi ya chakula, siku ya mgao unakuwa na mashaka kama utarudi na kitu nyumbani. Nchini Kongo, kadi ya mpiga kura imekuwa kitambulisho cha watu wengi tangu uandikishaji wa mwaka 2005, kwa sababu kitambulisho cha taifa hawakuwa nacho. Mtu huifuata kadi hiyo mwenyewe: anapanga foleni, anapigwa picha, anaondoka nayo mkononi.

Sasa twende mbali, Kanada, ambako kadi ya mpiga kura huletwa na posta. Nchi hiyo tajiri na yenye amani ilibishana kwa miaka mingi juu ya kadi hiyo. Swali lao ni letu pia: raia akifika kituoni bila karatasi inayotakiwa, nani abebe hasara?

Zamani, kabla ya uchaguzi, makarani wa Kanada walipita nyumba kwa nyumba kuandika majina. Tangu mwaka 1997 wanatumia daftari la kudumu, ambalo hurekebishwa kwa taarifa za ofisi za serikali kama vile ya kodi na zile za leseni za udereva. Uchaguzi ukikaribia, kila aliyemo katika daftari hutumiwa kadi kwa posta. Ina jina lake na anwani yake, na inamweleza kituo chake na saa za kupiga kura. Haina picha.

Kwa muda mrefu kadi hiyo ilikuwa taarifa tu. Mtu akifika kituoni alitaja jina na anwani, karani akatazama orodha, akampa karatasi ya kura. Mwaka 2007 sheria ilibadilika. Kila mpiga kura alitakiwa athibitishe mambo mawili: yeye ni nani, na anaishi wapi. Angeweza kuonyesha kitambulisho kimoja cha serikali chenye picha, jina na anwani, au hati mbili, mojawapo ikiwa na anwani. Asiye na hizo aliweza kuapa, na jirani mwenye hati zake kamili akamshuhudia.

Kuthibitisha jina hakukuwa kugumu sana. Kilichowasumbua watu ni anwani. Kanada haina kitambulisho cha taifa, na pasipoti yake haina anwani iliyochapishwa. Wengi hutumia leseni ya udereva. Lakini mfikirie bibi aliye katika nyumba ya kulelea wazee, aliyeacha kuendesha gari miaka mingi iliyopita. Bili ya umeme haina jina lake. Mfikirie mwanafunzi wa bweni, ambaye leseni yake bado inaonyesha nyumba ya wazazi. Mfikirie mwenyeji asilia katika ardhi iliyotengewa watu wake, ambako nyumba nyingi hazina namba wala mtaa hauna jina. Huyu wa mwisho ana historia ya uchungu zaidi: wenyeji asilia walipata haki kamili ya kupiga kura katika uchaguzi wa taifa mwaka 1960 tu. Kabla ya hapo, wengi wao walitakiwa kwanza kuiacha hadhi yao ya kisheria kama wenyeji asilia.

Kwa watu kama hao, mara nyingi karatasi pekee yenye jina na anwani pamoja ilikuwa ile kadi iliyoletwa na posta. Kwa hiyo katika uchaguzi mkuu wa 2011 tume ya uchaguzi iliwaruhusu wazee wa nyumba za malezi, wanafunzi wa mabwenini na wakazi wa maeneo ya wenyeji asilia waitumie kama uthibitisho wa anwani, pamoja na hati nyingine yenye jina.

(Muziki mfupi)

Mwaka huohuo, katika jimbo la Etobicoke Centre, mshindi alipita kwa kura 26 tu. Aliyeshindwa akaenda mahakamani akilalamikia makosa ya makarani. Jaji wa kwanza alifuta kura 79 na kubatilisha matokeo. Oktoba 2012 Mahakama ya Juu ilirudisha ushindi, majaji wanne dhidi ya watatu. Hoja yao ilikuwa hii: kosa la karani katika kujaza fomu halitoshi peke yake kumnyang'anya raia kura yake.

Hata hivyo hofu ilibaki. Mwaka 2014 waziri Pierre Poilievre alipeleka bungeni sheria mpya ya uchaguzi. Alisema kadi za posta zina makosa: mtu huhama na kadi ikaenda nyumba ya zamani, mwingine hupata mbili. Hoja hiyo haikuwa ya kudharauliwa. Barua ikiokotwa kwenye ngazi za jengo la ghorofa, mkononi mwa mwingine inaweza kutumika vibaya. Mkuu wa tume, Marc Mayrand, alijibu kwamba kadi haikusimama peke yake, na kwamba bila hiyo wapo raia watakaozuiwa. Bunge lilipitisha sheria. Kadi ilipigwa marufuku kuwa kitambulisho, na ushahidi wa jirani ukabanwa.

Vyama vya raia na vya wanafunzi vilikwenda mahakamani. Julai 2015 jaji alikataa kuisimamisha sheria kabla ya kesi kusikilizwa kikamilifu. Uchaguzi ukafanyika Oktoba.

Hapo ndipo takwimu zilipoonekana. Uchunguzi uliofanywa baada ya uchaguzi ulikadiria kwamba zaidi ya watu 172,000 hawakupiga kura kwa sababu ya shida ya vitambulisho. Kati yao, karibu 50,000 walifika kituoni wakarudi nyumbani bila kupiga kura. Linganisha idadi hiyo na zile kura 26 za Etobicoke Centre.

Tafakari, msikilizaji. Serikali inaandika jina la bibi na anwani yake. Inampelekea barua hadi kwake, ikimwambia aje kupiga kura. Bibi anafika na barua ileile mkononi, kisha karani anamwambia: karatasi hii haituonyeshi unapoishi.

Desemba 2018 Bunge, likiwa na serikali nyingine, lilibadilisha sheria. Kadi ya posta ilikubaliwa tena, kwa sharti lilelile la busara: iende pamoja na hati nyingine. Jirani naye alirudishiwa nafasi ya kumthibitisha mwenzake, lakini mtu mmoja kwa mtu mmoja. Uchaguzi wa 2019 ulifanyika kwa utaratibu huo.

Kanada walijifunza kwamba kuna hasara mbili, na zote mbili zihesabiwe. Moja ni kura ya mtu asiyestahili. Nyingine ni kura ya mtu anayestahili ambayo haikupigwa. Ya kwanza hupigiwa kelele. Ya pili haina sauti, kwa sababu mwenyewe amesharudi nyumbani.

Kwetu pia yapo. Kadi nyingi za Kongo zilizotolewa kwa ajili ya uchaguzi wa 2023 zilifutika maandishi, na wenyewe hawakuwa na kosa. Wengine kadi zao ziliachwa nyumbani siku walipokimbia risasi. Kila sheria ya kitambulisho inayotungwa, tuulize: aliyepoteza karatasi bila kosa lake ameachiwa mlango gani wa pili? Na wewe, kabla ya siku ya kura, hakikisha jina lako lipo orodhani, na uliza mapema hati gani zinakubaliwa na ufanye nini ikiwa huna. Usisubiri kuuliza ukiwa umesimama mlangoni.

 Ukiwa na jirani asiyejua kusoma, msimulie kipindi hiki.