Nipe Kadi ya Gari

Msomaji mwenzangu, kila gari ina vitu viwili: injini na kadi. Injini inakupeleka Bububu na kukurudisha mjini. Kadi inasema gari ni ya nani. Basi ilikuwaje vijana wa dunia nzima, na sisi wa Unguja tukiwemo, tukafundishwa na gemu kwamba njia ya kuipata kadi ya mwenzako ni kumpita barabarani? Jambo hili lina historia, na historia yake ni kongwe kuliko gemu lenyewe.

Tuanzie Marekani. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, vijana wa California ya kusini, wengi wao wametoka jeshini na ufundi mikononi, walinunua Ford kuukuu za miaka ya 1920 na 1930. Wakazivua madigadi na kila kilicho kizito, wakazitia injini zenye nguvu zaidi. Mwaka 1948 likatoka hata jarida lao, Hot Rod. Walishindana kwenye maziwa yaliyokauka na, usiku, mabarabarani. Katika jimbo lile hati ya kumiliki gari ilikuwa karatasi ya rangi ya waridi. Mwenye kiburi zaidi aliweka karatasi ile rehani. Akishindwa, alirudi kwao kwa miguu.

Desturi hiyo ndiyo iliyoingia kwenye kompyuta. Mwaka 1989 lilitoka gemu la Street Rod, hadithi yake imewekwa mwaka 1963. Unaanza na dola 750, unafungua gazeti kutafuta gari ya mtumba, unabadilisha injini kwa mkono wako, kisha unatafuta wa kushindana naye. Mkiwekeana gari, mshindi anachukua. Na ajabu ni kuwa programu ya hadithi hiyo ya Kimarekani iliandikwa na Wapoland! Mwaka 2005 likaja Need for Speed: Most Wanted, hili ambalo vijana wengi wa rika langu tumelikesha. Mle unaibiwa gari yako mwanzoni, halafu unapanda ngazi ya wapinzani 15 mmoja mmoja. Ukimshinda mmoja unachagua zawadi, na ukibahatika utaondoka na kadi ya gari yake.

Sasa turudi kwetu. Unguja tulikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, wakati Bara walingoja mpaka 1994. Mwaka 1984 biashara ikalegezwa, bidhaa za nje zikaingia kwa wingi kuliko zamani, na baadaye gari za mtumba kutoka Japani zikajaa. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, na ukaguzi wa gari kule una gharama, hivyo wengi huziuza bado zina uhai. Ndiyo maana tukishika pedi tunaona gari tunazozijua. Lexus IS300 ya mpinzani aitwaye Taz ni ile ile Altezza inayopita Barabara ya Creek. Gemu limetoka mbali, lakini gari ni za mtaani kwetu.

Hapo ndipo penye hatari. Mtoto wa mama yangu mdogo alipata kuingiwa na kichaa hicho. Kwenye maskani yao palikuwa na kijana mwengine aliyejigamba kwa pikipiki yake, wakakubaliana kushindana usiku barabara ya uwanja wa ndege, mshindi achukue vyote. Yeye angeweka Vespa ya baba yake. Akaenda kwa fundi mmoja mtu mzima, nami nikamfuata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Vespa ina nini?"

"Haina kitu mzee, nataka iongezwe mbio tu."

Fundi akafuta mikono kwa tambara. "Mbio si kitu kimoja, mwanangu. Hata gari, ukiitia tabo, unasukuma hewa nyingi kwenye silinda na mafuta nayo yaongezeke. Nguvu inakuja, na joto linakuja. Kama rejeta ni mbovu, gasketi inaungua. Kama breki ni zile zile, utafika haraka lakini husimami. Na kadi ya hii Vespa ina jina la nani?"

"La baba."

"Kwani baba'ako naye anashindana?"

Hatukuwa na jawabu. Vespa ile ilikuwa inampeleka baba kazini alfajiri na watoto wawili chuoni. Mashindano hayakufanyika. Ndugu yangu alinuna wiki nzima, we acha tu.

Swali la fundi ndilo ambalo gemu haliulizi. Mle ndani mpinzani akishapokonywa gari huonekani tena mzigo wake. Hana baba, hana mdogo wake wa kumpeleka hospitali. Kwetu gari moja au pikipiki moja ni jasho la ukoo mzima, na jina lililo kwenye kadi ni moja tu kati ya majina mengi.

Ati kuna wanaotucheka kuwa sisi ni watu wa mitumba, kila chetu kilikuwa cha mwengine. Mimi nawajibu kwa Joginder Singh wa Kenya. Mbio za Safari zilianza 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder, fundi aliyekulia kwenye gereji ya baba yake, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 ambayo ilikwisha tumika katika Safari ya 1964 mikononi mwa Msweden Tom Trana. Gari ile ilikuwa mtumba! Hakumpokonya mtu. Aliinunua na kuitengeneza, akaijua kila nati, na mbio zile akazishinda tena 1974 na 1976.

Kwa hiyo, vijana wenzangu, gemu tucheze, mimi sikatazi. Linafundisha subira, na linakuonesha kuwa tairi, breki na gia lazima zipatane. Lakini kadi inaweza kubadilishwa jina kwa dakika moja, na gari isiwe yako bado. Inakuwa yako ukiilalia chini na kuijua.

Natamani siku moja niandike riwaya. Mashujaa wa kushinda wana waandishi wengi tayari. Mimi namtaka yule kijana wa California anayerudi kwao kwa miguu usiku, karatasi haipo mfukoni, akipanga atamwambia nini baba yake mlangoni. Mwenye kumtaka kabla yangu na amwandike, nitafurahi kumsoma.